Mama Sindano wa Soko la Chini

Zamani ardhi ikitikisika mji mzima ulipanda ngazi mbio huku ukicheka; siku hizi simu hulia mfukoni, mtu huitoa, huisoma, huirudisha, kisha huendelea kunywa chai yake amekaa palepale.

Wajukuu wangu husema babu anayachukia maendeleo. Ni kweli, ila leo sikukaa kulalamika. Nataka kumweleza mwanamke mmoja ambaye vijana wa sasa hawamjui, ingawa baadhi yao wasingezaliwa kama si yeye. Tulimwita Mama Sindano. Jina alilopewa na wazazi lilikuwepo, limeandikwa kwenye kibao cha mlango wake kule kazini, lakini hakuna aliyelitumia isipokuwa mkurugenzi wake, tena akikasirika.

Baba yake alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa juu, mtu wa kukutazama mara moja na kukukatia suruali. Binti alisoma, akapelekwa mbali akasoma tena, akarudi na shahada ya matetemeko ya ardhi. Siku ya kwanza aliporudi, mzee alimuuliza mbele ya wateja:

"Sasa mwanangu, ardhi ikitikisika wewe ndiye unayeizuia?"

"Hapana, baba. Mimi naipima."

"Kupima hata mimi napima. Ukishapima, unashona nini?"

Wateja walicheka mpaka wakashika meza. Binti naye alicheka, lakini aliniambia baadaye kwamba swali lile lilimwingia kama mwiba wa samaki: huuoni, ila kila ukimeza upo.

Kituo cha kupimia matetemeko kilikuwa nyuma ya kilima, nyumba nyeupe yenye vyumba vichache na pango chini ya sakafu walikoweka mitambo. Mji wetu wenyewe ulikuwa wa ngazi. Chini kabisa, usawa wa bahari, palikuwa na soko: paa la mabati, meza za zege za samaki, mizani, mikokoteni ya wachukuzi. Kutoka sokoni ilipanda ngazi ya mawe mpaka kwenye tangi kubwa la maji kileleni. Mimi nilikuwa fundi saa, na duka langu lilikuwa hapo ngazi inapoanzia, kwa hiyo hakuna aliyepanda wala kushuka nisimwone.

Basi ikatoka amri kwamba wataalamu wa kituo wasijifungie na mitambo yao, washuke wakawafundishe wananchi namna ya kujiokoa na tetemeko, na zaidi tsunami, maana bahari ikipanda watu wa soko la chini ndio wa kwanza kulowa. Mkurugenzi akaanza yeye. Alikuwa mtu mwema, mwenye tai na fimbo ya kuonyeshea picha. Alituita kwenye ukumbi wa shule, akazima taa, akatuonyesha mishale mingi inayosukumana. Taa zilipowashwa, nusu ya ukumbi walikuwa wamelala na nusu wameondoka. Akauliza kama kuna swali. Nyapara wa wachukuzi, jibaba moja lenye shingo kama gogo, akanyoosha mkono.

"Swali langu, bwana mkubwa: soda zinakuja sasa au mpaka tumalize?"

Mkurugenzi hakushuka tena. Akamtuma binti wa fundi cherehani.

Naye hakuja na fimbo. Alikuja na mtambo wa zamani uliokuwa umetupwa stoo baada ya kituo kupata mipya yenye vioo vya kung'aa. Ulikuwa na silinda iliyovikwa karatasi, ikizunguka polepole kwa nguvu ya saa ya kujaza, na juu yake sindano ndefu yenye wino. Ardhi ikitulia, sindano ilichora mstari ulionyooka. Ardhi ikitikisika, ilichora milima. Aliuleta kwangu kwanza, nikausafisha na kuutia mafuta, kisha dereva wake akaubeba mpaka sokoni na kuuweka kwenye sakafu ya zege, upande wa samaki.

Dereva huyo alikuwa mnene wa kupigiwa mfano, mpole, na mwenye usingizi wa haraka. Mama Sindano alimwambia, "Ruka." Akaruka mara moja tu. Sindano ikapaa kama kuku aliyekanyagwa mkia, karatasi ikajaa wino. Tangu siku ile dereva akaitwa Pointi Nane, kipimo cha tetemeko la kubomoa mji.

Hapo soko likachachamaa. Kila mtu akataka kuruka. Wauza samaki waliruka kwa pamoja, wakiongozwa na dada yangu mkubwa, mwanamke aliyeweza kumparua samaki, kukutukana na kukurudishia chenji kwa wakati mmoja. Wachukuzi wakaruka. Wauza mboga wakaruka wakaambiwa wamechora vichuguu, si milima, wakanuna. Mama Sindano alikata kila kipande cha karatasi akaandika juu yake: Tetemeko la Wauza Samaki, Tetemeko la Wachukuzi, akavibandika ukutani.

"Hii yetu ndiyo kubwa," dada akasema.

"Shangazi, yenu ni ndefu, si kubwa," nyapara akajibu. "Mmeruka kila mtu kwa wakati wake kama mahindi kwenye sufuria."

"Mwone huyu! Uzito wote huo umechora kilima cha sungura!"

Mwanzoni kina mama wa mtaani waliwaficha watoto, wakidhani mwenye sindano kaja na chanjo. Baadaye hao watoto ndio waliokuwa hawaondoki.

Lakini msidhani ilikuwa sarakasi tupu. Kila baada ya kuruka, Mama Sindano alipanda juu ya kreti na kuwafundisha maneno machache, akitaka wayaitikie. Likiwa fupi, jikinge. Likikawia, panda. Usingoje king'ora. Usirudie kiatu. Bahari haiji mara moja tu, kwa hiyo usishuke mpaka uambiwe. Watu waliitikia kwa sauti ya kutikisa mabati. Yeye alishuka kwenye kreti akiwa na furaha, na mimi nikiwatazama niliamini somo limeingia.

Aliniambia siku moja, akingoja nimjazie saa ya mtambo: "Kaka fundi, hawa watu wananipenda. Hilo linanitisha. Siku ikija wakabaki wamekaa, nitakuwa niliwachekesha tu."

Siku ikaja. Asubuhi, soko limejaa. Kwanza vioo vya duka langu viliimba, kisha saa zote ukutani zikaanza kugongana, kisha sakafu ikaenda huku na huku kama mtu anayepepeta mchele. Halikuwa kali, ila lilikawia. Mimi nilitoka nje nikashika nguzo, nikiangalia ngazi, nikingoja kuona watu wakipanda.

Nikawaona wanashuka.

Walitoka mtaa wa juu, mtaa wa kati, kwenye vibaraza na karakana, wanashuka ngazi mbilimbili, wanasukumana, wanapiga vigelegele. Watu waliokuwa salama majumbani mwao kilimani walikuwa wanakimbilia baharini! Kinyozi alipita na mkasi mkononi, na mteja wake nyuma na kichwa kilichonyolewa upande mmoja.

"Mnakwenda wapi?" nikapiga kelele.

"Kuona sindano!" kinyozi akajibu. "Leo lazima imevunja rekodi!"

Mama Sindano alikuta hali hiyo. Gari la kituo lilishuka kwa kasi, watu wakalipisha njia wakimpungia mkono na kumpongeza kama bibi harusi. Sokoni hapakuwa na pa kukanyaga. Wote walikuwa wameuzunguka mtambo, na waliokuwa nyuma wakiwauliza wa mbele: "Tumepata ngapi? Tumepata ngapi?" Akapanda juu ya meza ya samaki, akapiga ukelele: "Juu! Pandeni juu!" Nao wakamwitikia kwa shangwe, "Likikawia, panda!" na hakuna aliyenyanyua mguu.

Bahari ilitusamehe. Haikufanya lolote siku ile. Ilipodhihirika hivyo, yeye akateremka mezani, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akajifunika uso kwa mikono miwili.

Dada yangu akamshika bega. "Mwanangu, unalia nini? Si tuko wazima?"

"Nalia kwa sababu mmekuja, shangazi."

"Sasa tusingekuja tungeionaje?"

Akaondoa mikono usoni, akaanza kucheka huku machozi yakimtoka, mpaka dada akamwomba dereva alete maji.

Mkurugenzi hakucheka. Alimwita ofisini, na dereva, ambaye alikuwa na tabia ya kulala karibu na milango, akatuletea maneno yote. Alimwambia amewafundisha watu kukimbilia kaburini. Mtambo urudi stoo, na yeye ahamie chumba cha ripoti, akae na takwimu, aache watu. Yeye akaomba nafasi moja. Mkurugenzi akampa mpaka tetemeko lijalo, lolote litakalosikika mjini. Watu wakipanda, ataendelea. Wakishuka, atakabidhi ufunguo wa gari siku hiyohiyo.

Alishuka kwetu. Akatueleza yeye mwenyewe, sokoni, bila kujitetea: kwamba kosa ni lake, kwamba aliwapa maneno ya kupanda lakini kitu cha kupenda akakiweka chini. Watu wakaona aibu kwa niaba yake.

"Basi kipeleke juu," dada yangu akasema, akiendelea kuparua samaki.

"Nini?"

"Hicho kisindano chako. Sisi tunakikimbilia. Wewe mwenyewe umesema. Kikae kule kwenye tangi. Ukikiweka mbinguni, tutakwenda mbinguni."

"Wewe huko hawatakupokea, shangazi," nyapara akadakia, "lakini wazo ni zuri."

Alikuwa keshalifikiria hilo, ilionekana usoni. Alichokosa ni ujasiri wa kulitamka. Jioni ileile wachukuzi walivua mashati. Mtambo ulikuwa umeshafungiwa kitako cha chuma kizito kuliko wenyewe, na ngazi ile haipitishi mkokoteni. Waliubeba begani, wanne kwa wanne, wakiimba, na kila walipopumzika nyapara alimwomba Pointi Nane apande naye juu ya mzigo ili kazi ipate heshima. Kwenye msingi wa zege wa tangi wakajenga kibanda cha mabati chenye dirisha. Mama Sindano akatangaza sheria mpya: karatasi ya tetemeko la kweli haitashuka chini kamwe, na watu watatia sahihi juu yake kwa zamu ya kufika kwenye tangi, wa kwanza juu kabisa.

Msomaji wa leo atacheka. Mtu apande ngazi ndefu namna ile kwa ajili ya sahihi! Lakini siku zile jina la mtu lilikuwa na uzito. Wanawake wa samaki walianza kufanya mazoezi baada ya kufunga meza, wamefunga kanga viunoni, wakipita mbele ya duka langu wakihema na kutukanana. Wachukuzi nao wakajidai hawafanyi mazoezi, kumbe wanapanda alfajiri. Kila mwisho wa wiki walirukaruka kileleni, sindano ikachora milima yao, na Mama Sindano akawasomea maneno yake yaleyale. Lakini sasa alikuwa hacheki sana. Alikuwa anangoja, kama mwanafunzi anayengoja matokeo, na matokeo yenyewe yako chini ya bahari.

Yalikuja alasiri moja ya jua kali. Nilikuwa nimefungua saa ya mwalimu, vipuri vyote viko mezani. Mara hii vioo havikuimba, vilipasuka. Saa zilianguka. Nilijikunja chini ya meza, na lile tetemeko likaendelea mpaka nikaanza kulisemesha: basi, basi, imetosha. Lilipolegea nikatoka nikikumbuka kauli ya kutorudia kiatu, maana nilikuwa peku.

Ngazi ilikuwa imejaa, na safari hii migongo ndiyo niliyoiona. Dada yangu alikuwa mbele na kisu chake mkononi. Nyapara alikuwa nyuma yake kidogo, amembeba mamake mgongoni, na bibi kizee huyo anampiga mwanawe makofi ya kichwa: "Haraka wewe! Utapitwa na mwanamke!" Juu zaidi alikimbia mteja wa fundi cherehani, tepu ya kupimia bado shingoni, suruali imefungwa kwa pini. Nikajiunga nao. Tulipofika kileleni dada alikuwa keshashika kalamu, na nyapara anadai kwamba mamake ndiye aliyefika wa kwanza kwa sababu kichwa chake kilitangulia.

Sindano ilikuwa imetoka nje ya karatasi kabisa na kuchora kwenye bati.

Tulikuwa tunaishangilia wakati mmoja wetu aliposema, "Lile si gari la kituo?"

Tukatazama chini. Gari lilikuwa limesimama mlangoni mwa soko. Mama Sindano na dereva wake, kwa hofu kwamba tumekusanyika tena pale, walikuwa wameshuka moja kwa moja kutufukuza. Tulimwona anaingia sokoni. Akatoka upande wa pili. Akaingia tena. Baadaye alinieleza kwamba alikuta redio inaimba peke yake, birika linachemka, samaki nusu ameparuliwa, na hakuna mtu hata mmoja. Akadhani tumejificha kwa woga, akawa anainama na kuchungulia chini ya kila meza akituita.

Na nyuma yake bahari ilikuwa inaondoka. Maji yalijivuta taratibu, yakaacha matope na mashua zimelala ubavu.

"Mama Sindano!" dada yangu akapiga kelele ambayo sijapata kuisikia tena. "Unatafuta nini huko chini?"

Akainua uso. Akatuona: mji mzima umejipanga kileleni. Na sisi sote, wauza samaki, wachukuzi, kinyozi na bibi kizee, tukamwimbia kwa sauti moja: "Likikawia, panda! Usingoje king'ora!"

Aliwahi kuniapia kwamba alisimama pale kufurahi kidogo. Nyapara hakumpa nafasi hiyo. Aliruka ngazi kushuka pamoja na vijana wake wawili, wakamdaka Mama Sindano nusu ya njia na Pointi Nane robo ya njia, wakawasukuma juu, mmoja anavuta mkono wa dereva na wawili wanasukuma makalio. "Mwalimu gani huyu," nyapara alikuwa analalamika, "anafundisha asichokifanya!"

Maji yalipoingia sokoni tulikuwa wote juu. Hayakuja kama ukuta. Yalikuja kama mtu mwenye nyumba yake, yakaingia mlangoni, yakabeba makreti, yakafika kwenye mizani. Kisha yakarudi. Wachukuzi walipoona mikokoteni yao inaelea walitaka kushuka kuiokoa. Mama Sindano, anahema bado, akasema neno moja: "Haiji mara moja tu." Dada yangu akakaa katikati ya ngazi, kisu magotini.

"Anayetaka mkokoteni apitie hapa."

Hakuna aliyepita. Wimbi la pili lilikuja kubwa kuliko la kwanza, likachukua paa la soko zima na mbele ya duka langu. Mtu hata mmoja hakupotea. Tulilala kileleni, na kabla ya kulala, watu walimlazimisha Mama Sindano atie sahihi kwenye karatasi ile, mahali pa mwisho kabisa, chini ya jina la Pointi Nane, kwa kuwa kweli yeye ndiye aliyeshika mkia. Mkurugenzi alikuja kutuona asubuhi. Alisoma majina yote, akamwambia abaki na ufunguo wa gari, kisha akaomba naye aruke mara moja, aone.

Mama Sindano aliendelea na kazi hiyo mpaka nywele zikageuka rangi. Alikwenda shuleni, bandarini, viwandani, miji mingine. Dada yangu alifariki kwa amani kitandani mwake, mzee, akiwa na sahihi tatu kileleni. Soko likajengwa upya lenye ghorofa na ngazi ya umeme inayokubeba umesimama kama gunia. Kisha zikaja simu zenye kutoa onyo la tetemeko. Kibanda cha tangi kikaondolewa, mtambo ukatiwa kwenye kabati la kioo pale mlangoni mwa kituo, na tangazo: usiguse. Mazoezi ya ngazi yakafa bila mtu kuyazika. Sasa mtu akipanda ngazi ile anapanda kupiga picha ya uso wake.

Mara ya mwisho kuwaona yeye na Pointi Nane ilikuwa kwenye uwanja mdogo mbele ya soko jipya. Nilikuwa natoka kununua dawa ya macho. Mama Sindano alikuwa amesimama mwenyewe kwenye jua, miwani puani, anazungumza na simu aliyoshikiwa na Pointi Nane. Yule dereva alikuwa amekonda, shingo inaelea ndani ya kola. Kumbe kituo kimewaagiza watengeneze vipande vya video vya kurusha mitandaoni. Kila alipoanza, lori lilipita. Akacheka, akaanza upya. "Likikawia, panda," akaiambia ile simu kwa moyo wote, kama vile ndani yake mmejaa soko. Watu walipita kushoto na kulia wakitazama za kwao.

Mimi nikasimama nyuma yake kumsikiliza, nikiwa peke yangu. Nilifungua kinywa kuitikia.

"Mzee," Pointi Nane akanong'ona, akinipungia kwa vidole bila kuondoa jicho kwenye kioo, "umeingia kwenye picha. Sogea kidogo."

Nikasogea.